Hakukosa Kuambiwa, Amekosa wa Kumjibu

Kwa miaka mingi, wapangaji wa huduma za afya walipoulizwa kwa nini mke wa kijijini asiyetaka mimba nyingine hatumii uzazi wa mpango, walikuwa na majibu mawili tayari. Hajui, au zahanati iko mbali. Majibu hayo yalizaa mabango, vipindi vya redio, fulana zenye maandishi na maboksi ya vidonge yaliyosafirishwa hadi wilayani. Kazi hiyo haikupotea bure. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4, kwa msaada wa huduma hizo pamoja na elimu ya wasichana na kupungua kwa vifo vya watoto.

Hata hivyo kuna mahali mambo yamekwama. Nchini Tanzania, utafiti wa 2015–16 uliwakuta wanawake 32 kati ya kila 100 walioolewa wakitumia njia ya kisasa. Ule wa 2022 ukawakuta 31. Wanawake wa vijijini bado wanazaa wastani wa watoto 5.5, wa mjini 3.6. Si kila mwenye watoto wengi amewapata bila kuwataka. Wapo wanaowataka wote, na hiyo ni haki yao isiyohitaji kutetewa. Ninaowazungumzia hapa ni wengine: wale 21 kati ya kila 100 walioolewa ambao, katika utafiti huohuo wa 2022, walisema wanataka kupumzika au kuacha kuzaa kabisa, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Nao si wajinga wa jambo hili. Karibu kila mwanamke aliyeolewa nchini anaweza kukutajia walau njia moja, iwe vidonge, sindano, kijiti, kitanzi au kondomu.

Kwa nini basi? Sayansi ilipata jibu ilipoacha kukisia ikawauliza wenyewe.

Tangu 1984, tafiti za afya na uzazi zimefanyika katika nchi zaidi ya 90 kwa utaratibu unaofanana. Mdodosaji, mara nyingi mwanamke, huingia kijijini na orodha ya kaya zilizochaguliwa bila upendeleo, akatafuta mahali pa faragha, akaanza maswali. Unataka mtoto mwingine? Sasa, au baada ya muda gani? Unatumia njia yoyote kuzuia mimba? Anayesema hataki mimba na hatumii kitu huulizwa swali moja la ziada: kwa nini? Hapewi orodha ya kuchagua. Anasema yaliyo moyoni, kisha mdodosaji anaandika.

Mwaka 2016 watafiti walikusanya majibu hayo kutoka nchi 52 za Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini na Karibi. Kati ya kila wanawake 100 walioolewa waliokuwa katika hali hiyo, 26 walitaja hofu ya madhara. Wengine 24 walisema hawakutani na waume zao mara kwa mara. Kwa 23, wao wenyewe au mtu wao wa karibu alikuwa anapinga. Na 20 walikuwa wananyonyesha au hawajaona siku zao tangu wajifungue. Waliotaja ugumu wa kupata njia walikuwa kama 5 tu, na wasiojua njia yoyote walikuwa wachache vilevile.

Tahadhari moja kabla ya kwenda mbali. Haya ni majibu aliyopewa mgeni mlangoni. Anayesema "naogopa madhara" huenda anaogopa ngumi ya mumewe lakini hawezi kuitaja. Na ile 5 haina maana kwamba kila zahanati ina dawa. Aliyekwisha kukata shauri kwamba sindano ni hatari hajapata sababu ya kutembea hadi huko akakuta kabati tupu. Takwimu hizi zinatuonyesha ni kizuizi gani kimesimama mbele. Vilivyojificha nyuma yake hazituonyeshi.

Nianze na hofu ya madhara, kwa sababu ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote. Ukikaa na kina mama kisimani au kwenye foleni ya kliniki utasikia kwamba damu inaganda tumboni, kizazi kinakauka, sindano inaleta uvimbe, kijiti kinatembea mwilini hadi kwenye moyo. Wahudumu wengi wamefunzwa kuyaita maneno haya uvumi na kuyapuuza. Mimi naona hapo ndipo tulipowapoteza akina mama, kwa kuwa kila uvumi huo umeshikilia jambo ambalo mwili wa mwanamke fulani ulilipitia kweli.

Chukua damu. Mtumiaji wa sindano ya miezi mitatu huweza kutokwa na matone yasiyo na ratiba katika miezi ya kwanza, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya watumiaji hawaoni tena siku zao. Aliyezoea kuhesabu afya yake kwa hedhi atauliza swali la haki kabisa: ile damu inakwenda wapi? Jibu ni kwamba haikutengenezwa. Kila mwezi kizazi hutandika kitanda kumsubiri mgeni, na mgeni asipofika matandiko hutolewa nje, ndiyo hedhi. Homoni iliyomo kwenye sindano huzuia yai kupevuka na pia huufanya utando wa kizazi ubaki mwembamba. Kitanda hakitandikwi, hivyo hakuna cha kutoa. Hakuna damu iliyoganda popote. Maelezo haya yanachukua dakika moja, na wapo wanawake walioacha sindano kwa hofu ambao hawakuwahi kupewa dakika hiyo.

Lakini maelezo hayaondoi usumbufu. Matone ya siku kumi mfululizo yanavuruga swala na funga kwa Mwislamu, yanaondoa ukaribu wa ndoa, yanataka vitambaa na sabuni katika nyumba ambayo maji hutekwa mbali, na yanamchosha anayeamkia jembe. Mwanamke anayeyapima hayo yote akaona bora kuacha ametumia akili yake. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia mapema kwamba hali hiyo huweza kutokea, mara nyingi hutulia, na isipotulia kuna njia nyingine. Kitanzi cha shaba, kwa mfano, hakina homoni hata kidogo na hudumu miaka kumi au zaidi, ingawa chenyewe huweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa mwanzoni. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la damu. Hakuna njia isiyo na upande wake wa pili.

Hofu ya kizazi kukauka nayo ina chanzo chake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 walioacha njia za muda walipata mimba ndani ya mwaka mmoja. Kizazi hakikuharibika. Lakini sindano ya miezi mitatu ina tabia yake: baada ya chomo la mwisho, kwa wastani huchukua kama miezi kumi kabla ya kushika mimba, na kwa wengine zaidi. Mfikirie mke mchanga aliyechomwa sindano moja akisubiri kumaliza masomo, kisha miezi tisa ikapita bila dalili huku mama mkwe akimtazama tumbo. Mtaa mzima utakuwa umeshapata ushahidi wake. Angeambiwa tangu mwanzo juu ya miezi hiyo, pengine angechagua kijiti, ambacho kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi upesi.

Hofu nyingine ilihusu virusi vya UKIMWI. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake zaidi ya 7,800 wa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini. Swali lilikuwa kama sindano ya miezi mitatu inaongeza hatari ya kuambukizwa virusi hivyo kuliko kijiti au kitanzi cha shaba, na haikuonekana tofauti kubwa. Hofu hiyo haikuwa ya vijijini tu, hata wanasayansi walikuwa nayo kwa miongo kadhaa, nao waliijibu kwa kupima. Walioshiriki waliendelea kuambukizwa kwa kiwango cha kusikitisha katika makundi yote matatu, jambo linalotukumbusha kwamba ni kondomu pekee, kati ya vifaa vyote vya uzazi wa mpango, inayokinga dhidi ya virusi.

Ni nini basi kinachobadilisha mambo? Somo ninalolipenda zaidi linatoka Matlab, eneo la mito na mashamba ya mpunga nchini Bangladesh. Mwaka 1975 watafiti walipeleka vidonge mlango kwa mlango. Wagawaji walikuwa wanawake wa vijijini, wengi wao wazee na wajane, wasio na mafunzo marefu. Matumizi yalipanda haraka, kisha yakaanza kushuka. Wanawake walipata kichefuchefu na damu zisizoeleweka, na hakukuwa na wa kumuuliza, wala njia nyingine ya kuhamia.

Mwaka 1977 wakaanza upya. Safari hii walichagua wanawake vijana karibu 80, walioolewa, waliosoma, wanaoishi katika vijiji hivyohivyo na wanaotumia uzazi wa mpango wao wenyewe. Wakawafunza. Kila wiki mbili walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vidonge, kondomu na sindano, na rufaa kwa anayetaka kitanzi. Kubwa zaidi, walirudi. Aliyelalamika alisikilizwa, akatibiwa au akabadilishiwa njia. Ndani ya takriban mwaka mmoja na nusu, watumiaji walipanda kutoka chini ya mmoja kati ya kumi hadi karibu theluthi moja ya wanawake walioolewa, huku vijiji jirani vilivyobaki na huduma za kawaida vikisogea kidogo sana. Watu walikuwa walewale, dini ileile, umaskini uleule. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka mingi walikuta pia afya bora kwa akina mama na vifo vichache vya watoto, ingawa sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na chanjo na huduma nyingine zilizoongezwa baadaye.

Matlab haiwezi kunakiliwa hivihivi. Iligharimu fedha nyingi, na wanawake wa kule hawakuwa na uhuru wa kutoka majumbani kama wengi wa huku. Ila kiini chake kinatuhusu moja kwa moja. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaozijua nyumba zote za kitongoji. Wengi wao wanabebeshwa malaria, chanjo, lishe na fomu za kujaza, kwa posho ndogo au bila posho kabisa. Tukitaka mama wa kitongojini apate wa kumjibu, mtu huyo tayari yupo, na muda wa kurudi kwa mteja wa sindano baada ya mwezi mmoja uhesabiwe kuwa kazi yenye malipo. Nchini Kenya, utafiti wa 2014 uliona kwamba karibu theluthi moja ya matumizi ya uzazi wa mpango yaliyoanzishwa yalikatizwa ndani ya miezi 12, na madhara yalikuwa miongoni mwa sababu kuu. Waliokatiza walikuwa wameshakubali, wameshatembea hadi kituoni. Tuliwapoteza baada ya hapo.

Sababu ya pili, kutokutana mara kwa mara, inaeleweka vizuri ukiwa pwani. Mvuvi anakwenda dago wiki kadhaa akifuata samaki na upepo. Mwingine yuko mgodini, mwingine dereva wa lori, mwingine kibarua mjini. Mkewe anajiuliza: nimeze vidonge kila siku kwa ajili ya mume anayerudi mara tatu kwa mwaka? Hesabu hiyo ina mantiki, lakini mwili haujui ratiba ya bahari. Usiku mmoja ukiangukia karibu na siku ya yai kupevuka unatosha. Kwa mke kama huyu kondomu, au njia ya muda mrefu isiyohitaji kukumbukwa, ingefaa kuliko vidonge. Vipo pia vidonge vya dharura, vinavyofanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na vina nafasi ya kusaidia hadi siku tano baada ya tendo. Mume akituma ujumbe wa simu siku moja tu kabla ya kurudi, mke anahitaji kuwa na kitu nyumbani tayari.

Kunyonyesha kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapa imani ya wazee na sayansi zinakaribiana sana, kisha zinaachana mahali pa hatari. Kweli, kunyonyesha huzuia mimba. Kinga hiyo inafikia asilimia 98 ikiwa mambo matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na mama hajaona siku zake. Moja likikosekana, kinga inapungua. Uji ukianza miezi minne, au mtoto akilala usiku kucha bila kunyonya, mama hana tena ulinzi anaodhani anao. Na anayesema "nitaanza nikiona siku zangu" ajue kwamba yai hupevuka kabla ya hedhi, kwa hiyo mwanamke anaweza kupata mimba ya pili bila kuona hedhi hata moja katikati.

Bibi zetu walilishughulikia jambo hili kwa njia yao. Katika jamii nyingi za Tanzania mume na mke walitengana baada ya uzazi kwa kuogopa kumbemenda mtoto, na mtoto aliyedhoofika alileta maswali mazito kwa wazazi. Sayansi haikubali kwamba tendo la ndoa linadhuru maziwa. Lakini inakubali kabisa kwamba mtoto anayefuatwa haraka na mwingine yuko hatarini, na inashauri ipite walau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine. Kupumzisha uzazi hakukuja na meli. Wazee walijua nafasi inahitajika, walikosa vifaa. Mama anayesita kwa kuona jambo hili ni la kigeni anastahili kuambiwa hivyo na mtu anayemheshimu, pengine na mkunga wa jadi.

Tukija kwa waume, ushahidi hauendi upande mmoja, na ni vizuri tuseme hivyo. Huko Lusaka, Zambia, wanawake walioolewa walipewa hati ya kupata huduma ya uzazi wa mpango bila kupanga foleni. Baadhi walipewa faraghani, wengine mbele ya waume zao. Waliopewa faraghani walikwenda kliniki zaidi, walichagua zaidi njia zisizoonekana, na walizaa bila kutaka mara chache zaidi. Lakini walipofuatiliwa, baadhi ya dalili zilionyesha kwamba siri ile haikuwaacha na furaha. Inamlinda mwanamke, na inamtoza.

Kaskazini mwa Ghana, katika vijiji vya Navrongo, miaka ya 1990 watafiti walijaribu njia nyingine. Nesi alihamia kuishi kijijini, na wakati huohuo machifu na wazee waliitisha mikutano ya wanaume, wakalizungumza jambo hadharani. Mambo hayo mawili yalipounganishwa, wastani wa uzazi ulipungua kwa karibu mtoto mmoja katika miaka ya mwanzo, ingawa tofauti hiyo haikudumu. Wilayani Mangochi, Malawi, wanaume waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango walitumwa kuzungumza na vijana wenzao waliooa, na matumizi yakaongezeka. Wanaume wale hawakuhubiriwa. Walisikia kwa mwenzao namna alivyoanza mazungumzo na mkewe, na kwamba watoto wachache ni rahisi kuwatunza kuliko wengi. Mwanamume wa kijijini mara nyingi hana upinzani mkubwa kama mkewe anavyodhani, hajaulizwa tu. Lakini mwanamke ndiye anayejua nyumba yake. Mhudumu asimlazimishe kumleta mume, na asimtangazie siri yake.

Mangochi hiyohiyo, wilaya ya wavuvi kando ya ziwa, ndiko kulikofanyika jaribio lililochapishwa 2018 kuhusu sindano ndogo ya chini ya ngozi ambayo mwanamke hujichoma mwenyewe nyumbani. Wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilifundishwa kujichoma likapewa sindano za kwenda nazo, jingine likawa linarudi kwa mhudumu kila baada ya miezi mitatu. Baada ya mwaka, 73 kati ya 100 wa kundi la kwanza walikuwa bado wanaendelea, dhidi ya 45 wa kundi la pili. Dawa ni ileile na madhara ni yaleyale. Kilichopungua ni safari, nauli na siku ya shamba inayopotea. Ndiyo maana nilisema ile 5 isitudanganye: umbali huonekana pale mtu anapotakiwa kurudi tena na tena.

Ipo hofu moja ya mwisho ambayo watu wa afya hawapendi kuizungumzia, nayo ni hofu ya kulazimishwa. Nchini India, katika hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, mamilioni ya watu, wengi wao wanaume maskini, walifungwa uzazi katika kampeni iliyokuwa na malengo ya idadi na vitisho. Kila anayepanga malengo ya idadi ya "wateja wapya" kwa zahanati anapaswa kulikumbuka hilo. Huku kwetu shinikizo huja kwa sura ya upole zaidi. Kijiti huwekwa kwa dakika chache, mara nyingi siku ya kampeni, na timu kutoka wilayani. Kukitoa kunahitaji mtu aliyefunzwa na vifaa, na timu imeshaondoka. Mama akirudi kusema hakimpendi huambiwa avumilie, au asubiri muda wake uishe. Kesho yake kitongoji kizima kimesikia.

Kwa hiyo anayefikiria kijiti, kabla hajanyoosha mkono, ana haki ya kuuliza na kujibiwa papo hapo: siku nikitaka kitolewe, nani atakitoa, kituo gani, na kwa shilingi ngapi?